Mwongoza Watalii kama Mfasiri: Lugha ya Vyakula na Kuta katika Mji wa Kale wa Mombasa

Utangulizi

Ziara ya kutembea kwa miguu, ambayo mgeni huonjeshwa vyakula vya mitaani huku akionyeshwa michoro, milango na maandishi ya kutani, imekuwa sehemu ya kawaida ya utalii wa mijini ulimwenguni. Mgeni hatosheki tena na kupelekwa mbugani kumtazama simba. Anataka kujua watu wanakula nini asubuhi, wanakaa wapi jioni na wanaandika nini kwenye kuta zao. Mombasa nayo haikuachwa nyuma. Ziara nyingi za Mji wa Kale huanzia Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya ulimwengu mwaka wa 2011. Kutoka hapo msafara hujipenyeza katika vichochoro, ukasimama penye mlango wa nakshi, ukasimama tena penye karai la mafuta yanayochemka, na hatimaye ukatokea Marikiti.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza kazi moja tu ya ziara hiyo, nayo ni kazi ya kutaja. Inadaiwa hapa kwamba mwongoza watalii ni mfasiri kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kwamba anapokitaja chakula au andiko kwa jina la kukisia la Kiingereza, hulifuta lile jambo hasa ambalo mgeni amelipia kulijua. Hasara hiyo haimpati Mzungu peke yake. Wanafunzi wanaokuja Mombasa kutoka Nyeri, Kisumu au Kitale nao mara nyingi huongozwa kwa Kiingereza, ilhali wao na kiongozi wao wanaielewa lugha ya taifa, lugha ambayo Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imeifanya pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Somo huanza kwenye jina la barabara

Kabla hajaonja chochote, mgeni hukutana na kibao kilichoandikwa Ndia Kuu. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea Kiswahili sanifu hudhani kuwa aliyekiandika alikosea. Hakukosea. Katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, mahali pa sauti /nj/ ya Kiswahili sanifu mara nyingi pana /nd/: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Vivyo hivyo, mahali pa /ch/ mara nyingi pana /t/: macho ni mato, mchele ni mtele, kuchinja ni kutinda. Kibao hicho basi ni somo zima la fonolojia ya lahaja lililotundikwa hadharani, na hakuna anayetozwa karo kulisoma.

Somo hilo huendelea mtaani jioni, pale muuza kahawa anapopita akigonganisha vikombe vyake. Anachouza ni kahawa tungu, yaani kahawa chungu, isiyotiwa sukari, ambayo huandamana na kashata au tende. Mwanafunzi aliyeielewa Ndia Kuu hahitaji kuelezwa tungu ni nini. Kanuni aliyoipata barabarani inamfikisha kwenye finjani. Chombo cha kuimiminia, dele, kimepata jina lake kutoka Kiarabu, na neno kahawa lenyewe ni la Kiarabu pia. Hata hivyo Waswahili hawakuishia kukopa. Waliliambika neno hilo kiambishi cha ngeli ya U-I wakapata mkahawa, mahali panaponywewa kahawa, na leo mkahawa huuza ugali, samaki na soda, na pengine usiwe na kahawa hata tone. Mwongoza watalii anayesema tu kuwa hiyo ni "kahawa ya Kiarabu" amesema kweli nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye Waswahili ndani.

Majina ya vyakula

Hapa ndipo ziara hupoteza mengi zaidi, hivyo inafaa kukaa kidogo.

Chakula ambacho wageni wengi huonjeshwa mwanzo ni mahamri kwa mbaazi. Kwa kawaida mahamri hutajwa kwa wageni kuwa ni donati za pwani. Donati wanayoijua wageni ina tundu katikati, hupakwa sukari na huliwa kama kitafunio cha anasa. Hamri halina tundu ila ni wazi ndani, huumuliwa kwa hamira, hukandwa kwa tui na kutiwa iliki, na halikusudiwi kuwa anasa. Ni kifungua kinywa cha kushibisha. Jina lenyewe linaeleza namna linavyopikwa. Hamri na hamira ni maneno ya ukoo mmoja, yanayotokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kuchacha na kuumuka. Ndiyo maana mandazi ya bara, ambayo mara nyingi huumuliwa kwa unga wa kuokea badala ya hamira, si mahamri, na mpishi wa Mombasa atakusahihisha usipotofautisha. Neno donati halibebi hata moja kati ya hayo.

Mbaazi nazo hutafsiriwa kuwa maharagwe. Kosa hili ni dogo kwa mgeni lakini ni kubwa kwa mpishi, kwa sababu mbaazi na maharagwe ni mazao mawili tofauti, na utamu wa mbaazi za Mombasa umo katika nazi. Kuhusu nazi, Kiingereza kina umaskini unaoshangaza. Neno moja la Kiingereza humtumikia mnazi karibu tangu tunda linapotunga hadi linapokauka, ilhali Kiswahili hutofautisha kidaka ambacho bado ni kichanga, dafu la kunywa maji, koroma lililokaribia kukomaa, nazi iliyokomaa na mbata iliyokauka. Ikishafuliwa, nje hubaki makumbi. Ikishavunjwa na kukunwa, hubaki vifuu. Zikikamuliwa, tui la kwanza, zito, huitwa kasimile, kisha hufuata tui jepesi, na makapi yake ni machicha. Kifaa cha kukunia huitwa mbuzi. Mwongoza watalii asiyekuwa mwangalifu hupata taabu kubwa akiulizwa na mgeni asiyekula nyama kwa nini ameambiwa kuwa nazi ya mboga ile imepita kwa mbuzi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tofauti ionekane wazi. Mwongoza watalii wa kwanza anafika penye meza ya muuza mahamri, anatoa noti, anawaambia wageni kwa Kiingereza kuwa hizo ni donati za hapa, wanaonja, wanapiga picha, wanaondoka. Mama aliyezipika hakuulizwa neno. Mwongoza watalii wa pili anafika hapo hapo:

"Sabalkheri, mama."
"Sabalkheri, mwanangu. Leo umeniletea wangapi?"
"Sita, mama. Wataka kujua unga umelala saa ngapi."
"Waambie unga umelala. Mimi ndiye sikulala."

Akiifasiri mzaha huo, na kueleza kuwa kulaza unga ni kuuacha usiku kucha uumuke, wageni watakuwa wamejifunza kitenzi, wamejua kazi inaanza lini, na wamejua kuwa mbele yao yupo mtu mwenye ulimi. Pia watakuwa na aibu ya kulipa bei ya kupunja. Heshima katika mfano huu imeletwa na mambo madogo ya lugha: salamu ilitangulia biashara, mwanamke aliitwa mama, naye akamwita kiongozi mwanangu, jambo lililowafanya wageni wale wawe wageni wake kabla ya kuwa wanunuzi.

Zipo pia sahani ambazo majina yake ni maelezo ya upishi yaliyofupishwa. Viazi karai ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika unga wa dengu uliokorogwa na kutiwa rangi ya manjano, kisha vikakaangwa. Karai ni chombo, na jina lake limetoka katika lugha za Bara Hindi. Kiazi ni cha mtu mwingine, unga wa dengu ni wa Kihindi, na mpangilio wa nomino mbili zikifuatana bila kihusishi ni wa mtaani. Mkate wa mofa nao umeitwa kwa tanuri lake, mofa, tanuri la udongo ambalo mkate hubandikwa ubavuni mwake ndani. Mtu akiuoka mkate huo katika oveni ya gesi, je, bado ni wa mofa? Wapishi hujibu swali hilo kwa namna mbalimbali, na ni swali zuri la semantiki kuliko mengi yanayoulizwa katika mitihani.

Kaimati, zile tufe ndogo za unga zinazochovywa katika shira, zimetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya matonge madogo, na mgeni kutoka Omani au nchi nyingine za Ghuba atazitambua mara moja kwa jina linalokaribia hilo. Mshikaki una kisa cha kuchekesha kidogo. Huko Omani nako nyama ya namna hii ina jina la karibu na hilo, nalo lahusiana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuchoma kwa kitu chenye ncha na kutunga. Msikilizaji wa Kiswahili, hata hivyo, husikia ndani yake kitenzi shika, kwa kuwa kijiti hushikwa mkononi, na neno limeingia katika ngeli ya U-I kana kwamba lilizaliwa humo: mshikaki umeiva, mishikaki imeiva. Wanaisimu huita jambo hili etimolojia ya kimazoea, na muuza mishikaki hulifanya kila jioni bila kulipa jina.

Ziara ikifika Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka wa 1914 na kupewa jina la Mackinnon, mwanafunzi hupata mfano bora wa utohozi. Lugha ya Kiingereza inakubali konsonanti mbili kufuatana na neno kuishia kwa konsonanti. Kiswahili kilipolipokea neno hilo la soko kilipenyeza irabu katikati na kuweka nyingine mwishoni, kikapata ma-ri-ki-ti, silabi nne zote wazi. Jina la Mackinnon limebaki katika kumbukumbu; la watu ndilo lililobaki midomoni. Ndani, kati ya mafungu ya iliki, mdalasini na karafuu, muulize muuzaji kwa nini pilipili nyeusi huitwa pilipili manga. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Omani, na kwa hivyo jina la kiungo lina njia ya majahazi ndani yake.

Maandishi ya kutani

Mwaka wa 1997 Rodrigue Landry na Richard Bourhis walieleza dhana inayoweza kuitwa mandhari-lugha, yaani jumla ya lugha inayoonekana katika vibao, matangazo, majina ya barabara na ya maduka mahali fulani. Tangu hapo taaluma hiyo imekua sana. Mji wa Kale ni uwanja wake mzuri, ila ziara nyingi huchagua sehemu moja tu ya mandhari hayo, milango ya nakshi. Milango hiyo inastahili kusimamiwa. Fremu zake za maua na minyororo, na maandishi ya Kiarabu juu ya baadhi yake, ni kazi ya mafundi hodari. Lakini sanaa ya mtaani haikukoma na patasi. Iko katika samaki aliyechorwa kwa mkono ukutani mwa hoteli ndogo, katika herufi zilizotiwa kivuli kwenye jina la kinyozi, na katika methali zilizobandikwa nyuma ya tuktuk.

Yako pia maandishi ambayo hakuna aliyeyakusudia kuwa sanaa. Katika miji mingi ya Kenya mtu huona ukutani onyo kwamba kiwanja hiki hakiuzwi, au nyumba hii haiuzwi. Kisarufi ni sentensi sahili: kiima, kikanushi, kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendwa ndiyo inayostahili kuangaliwa, kwa sababu imemficha mtendaji. Haisemi nani anataka kuuza wala nani amekuja kununua. Anayeiandika anajua kuwa mahali fulani, pengine ofisini, pengine ndani ya ukoo wake mwenyewe, yuko mtu mwenye karatasi. Ni maneno matatu tu yaliyoandikwa kwa brashi, nayo yamebeba kesi nzima. Mwongoza watalii akiwapanga wageni wapigwe picha kando ya ukuta wa namna hiyo bila kuufasiri, picha itakuwa nzuri na ziara itakuwa ya uongo.

Rangi nayo ni suala la lugha, ingawa halionekani hivyo mwanzoni. Mwaka wa 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji kuyapaka rangi nyeupe yenye mapambo ya buluu. Waliounga mkono agizo hilo walisema mji utapendeza, na kweli rangi moja huupa mji nadhifu. Lakini ukuta uliopakwa upya ni pia ukurasa uliofutwa, na fundi wa kuchora vibao hula kwa kurasa hizo.

Msomaji aliyeko Nairobi huenda akauliza kama hoja hizi zinamhusu. Zinamhusu, ila kwa namna tofauti, kwa kuwa kuta za Nairobi zimesema siasa waziwazi zaidi. Mnamo Februari 2012, karibu na soko la Muindi Mbingu Street, vijana wachoraji wakishirikiana na mwanaharakati Boniface Mwangi walichora mchoro mkubwa uliomwonyesha mwanasiasa katika umbo la tai mlamizoga. Kabla ya hapo, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka wa 2007, msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alizunguka Kibera akiandika kwenye kuta na milango jumbe za Kiingereza za kuomba amani. Magari ya matatu nayo yana historia yake: kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, maarufu kwa jina la waziri John Michuki, zilileta mstari wa manjano na kuififisha michoro, kisha mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kuwaruhusu wachoraji warudi kazini. Anayewaongoza wageni hapo bila kutaja miaka huwa anaonyesha rangi tu.

Mahali ambapo kufasiri ni kosa

Huenda yaliyotangulia yakamfanya msomaji aamini kuwa mwongoza watalii bora ni yule anayefasiri kila kitu. Kuna andiko moja linaloipinga kanuni hiyo, nalo halipo ukutani bali hutembea.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapishwa chini ya mji. Zamani majina hayo yalichapishwa kwa hati za Kiarabu. Baadaye hati za Kirumi zikachukua nafasi. Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Mali ya Abdulla, lina historia inayoanzia mwaka wa 1887. Ziara nyingi hupitia mtaa huo, na ni haki kabisa kumfasiria mgeni majina ya kanga zilizotundikwa dukani. Hapo ni bidhaa, na mnunuzi anafaa kujua ananunua nini.

Kanga iliyokwisha kuvaliwa ni jambo jingine. Mwanamke anayejitanda kanga yenye fumbo la kumchoma jirani, wifi au mke mwenza amesema bila kusema. Aliyelengwa atasoma na ataelewa. Akigomba, aliyevaa atajibu kuwa alipenda rangi. Nguvu yote ya fumbo imo katika uwezo huo wa kulikana. Mgeni akimwonyeshea kidole na kuuliza yameandikwa nini, na mwongoza watalii akafasiri kwa sauti katikati ya kichochoro, fumbo limegeuka tusi la hadharani ambalo mwenyewe hakulitamka. Mfasiri amesema maneno ambayo msemaji alichagua kuyaacha kwenye kitambaa.

Kiongozi aliyelelewa Kibokoni halihitaji somo hili. Mgeni akimwuliza swali hilo, humjibu kuwa ile ni kanga nzuri, na kama ataipenda, watapita Mtaa wa Biashara akajichagulie yake. Kisha humwamkia mama yule na kuwageuza wageni upande wa pili watazame mlango.